Vidonge vya Damu Bila Tumbo Kuchafuka: Jinsi ya Kumeza Madini ya Chuma Hadi HB Ipande

Maswali ni yale yale hapa dirishani. "Daktari, hizi dawa za damu zinanitapisha, niache?" "Choo kimekuwa cheusi, ni damu inatoka?" "Nimemaliza pakiti nzima na HB haijasonga, shida ni nini?" Nafanya kazi kwenye duka la dawa mtaani Umoja, na kinachoniuma ni kuona watu ambao wangepona kabisa wakiacha vidonge wiki ya kwanza, kisha wanarudi baada ya miezi wakiwa wamechoka zaidi. Dawa yenyewe si ghali na inafanya kazi. Watu wanashindwa na namna ya kuimeza.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyepimwa HB (himoglobini, kipimo cha wingi wa damu) na kuambiwa damu yake imepungua kwa kukosa madini ya chuma. Wajawazito na wazazi wa watoto wadogo wana sehemu yao chini ya hatua, msiiruke.

Usianze na vidonge, nenda hospitali leo, kama unakosa pumzi hata ukiwa umekaa, kifua kinauma, umezimia, unatokwa na damu isiyokatika, unatapika damu, au HB yako iko chini ya 7. Mtu wa namna hiyo huenda akahitaji kuongezewa damu, na kidonge hakitawahi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi ya kipimo kamili cha damu, ile hemogramu. Usikubali kuambiwa "damu iko chini" kwa mdomo tu; omba karatasi au ipige picha.
- Kipimo cha feritini, ukiweza kukilipia. Ndicho kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini. Usikipime ukiwa na homa au maambukizi, kwa sababu feritini hupanda wakati huo na kukuficha ukweli.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za asidi, za presha, za kupanga uzazi na za mitishamba.
- Kalenda ya ukutani au kengele ya simu.
- Mahali pa juu penye kufuli pa kuwekea vidonge, kama kuna mtoto anayetembea au anayekuja kucheza nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Soma HB yako ukikumbuka unaishi Nairobi

Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye na mimba na chini ya 13 kwa mwanamume. Lakini viwango hivyo ni vya watu wa usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huku juu mwili hutengeneza damu zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwongozo wa WHO wa 2024 unaongeza gramu 1.1 kwenye viwango hivyo kwa watu wanaoishi kati ya mita 1,500 na 1,999. Kwa hivyo mwanamke wa Kayole mwenye HB 12.4 anaweza kupewa karatasi isiyo na alama yoyote ya hatari, na bado damu yake imepungua.

Hiyo haimaanishi kila mwenye 12.4 akimbilie vidonge. Ukiwa na nambari kama hiyo na unachoka kupita kiasi, unasikia moyo ukienda mbio ukipanda ngazi za ploti, nywele zinakatika au unatamani kutafuna vitu visivyo chakula, omba feritini. Ikiwa chini ya 15 kwa mtu asiye na maambukizi, akiba imekwisha.

Angalia pia MCV, yaani ukubwa wa chembe za damu, kwenye karatasi hiyo hiyo. Ukosefu wa chuma hufanya chembe za damu ziwe ndogo, na MCV hushuka. MCV ikiwa juu, tafuta sababu nyingine, kama ukosefu wa vitamini B12 au foliki asidi.

Onyo: kama una selimundu (sickle cell), au kwenu kuna historia yake (familia nyingi zinazotoka magharibi mwa Kenya na Pwani zinaijua), usimeze chuma kabla daktari hajathibitisha kwamba chuma ndicho kinachokosekana. Damu ya mwenye selimundu hupungua kwa njia nyingine, na chuma kisichohitajika hubaki kwenye ini na moyo.

Hatua ya 2: Tafuta damu inakoenda

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Chuma hakipotei tu mwilini. Kwa mtu mzima, mara nyingi kinatoka pamoja na damu, na usipoziba pale inapovuja utameza vidonge mwaka mzima.

Mwanamke, anza na hedhi. Ikizidi siku saba, ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, au ukitoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini, hiyo ni hedhi nzito na ina matibabu. Usiambiwe "ni kawaida ya wanawake wa kwenu." Inaweza kuwa fibroidi, yaani uvimbe kwenye mji wa mimba. Inaweza pia kuwa koili ya shaba uliyowekewa, ambayo huongeza damu ya hedhi kwa baadhi ya wanawake. Muulize mhudumu wa kupanga uzazi kuhusu njia nyingine.

Mwanamume, na mwanamke aliyekoma hedhi: ukikosa chuma, utumbo uchunguzwe. Bawasiri, vidonda vya tumbo na saratani ya utumbo mpana huweza kuvuja damu polepole bila maumivu. Tafadhali usitosheke na vidonge.

Watu wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo, semeni ukweli kwa daktari. Dawa hizo huchubua tumbo. Na kama huwa unaenda shamba na kutembea bila viatu, minyoo ya safura hunyonya damu moja kwa moja kutoka utumboni; dozi moja ya albendazoli ya miligramu 400 kwa kawaida inatosha kuanzia. Mwenye mimba aulize kliniki kwanza.

Kuhusu odowa: kutamani yale mawe laini ya sokoni, udongo, barafu au mchele mbichi mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma. Dada akija kununua vidonge nami nikaona vumbi jeupe kwenye ncha za vidole, huwa namuuliza kwa upole, na mara nyingi kuna kipande ndani ya mkoba kimefungwa kwa gazeti. Hakuna aibu hapo. Lakini odowa inaweza kushika chuma tumboni kisifyonzwe, na inaweza kuwa na madini ya risasi (lead) na mayai ya minyoo. Hamu hiyo kwa kawaida hupungua akiba ikijaa.

Hatua ya 3: Chagua kidonge kwa kusoma chuma halisi

Nambari kubwa mbele ya pakiti ni uzito wa chumvi nzima. Wewe unatafuta chuma chenyewe kilichomo, ambacho kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo pamoja na neno "elemental".

- Ferasi salfeti ya miligramu 200 ina chuma takriban miligramu 65. Ni ya bei ya chini na imejaribiwa sana.
- Ferasi fumareti ya miligramu 200 ina karibu kiasi hicho hicho.
- Ferasi glukoneti ya miligramu 300 ina miligramu 35 hivi. Wenye tumbo jepesi huivumilia vizuri kwa sababu chuma ni kidogo.
- Ferasi bisglisineti huwa pole kwa tumbo lakini bei iko juu.
- Chuma cha polimaltosi humezwa pamoja na chakula na hakisumbui sana, ila HB inaweza kupanda taratibu zaidi.

Anza na ile ya kwanza au ya pili kama hujawahi kusumbuliwa. Hakuna sababu ya kumaliza pesa ya kodi kwa chupa yenye picha ya mwanamke anayetabasamu. Sirapu nyingi za "kuongeza damu" zina chuma kidogo na vitamini nyingi; soma kabla ya kulipa. Na vile vidonge saba vya kahawia kwenye pakiti ya kupanga uzazi vina chuma kweli, ila ni kidogo mno kutibu upungufu.

Epuka vidonge vilivyopakwa ganda la kupita tumbo au vya kuachia dawa polepole. Vinasifiwa kwa kutochafua tumbo, lakini chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mdogo, na vidonge hivyo mara nyingi hufunguka vikiwa vimeshapita hapo.

Hatua ya 4: Kimoja tu, mara moja tu

Zamani tuliandika kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Bado utaona maandishi hayo kwenye bahasha nyingi za dawa. Tunajua sasa kwamba ukishameza dozi ya chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na kwa karibu siku nzima utumbo unafunga mlango. Kidonge cha mchana na cha jioni hukuta umefungwa. Hicho chuma kilichobaki nje ndicho kinachokuletea kichefuchefu, choo kigumu na maumivu.

Kwa hiyo:

1. Meza kidonge kimoja mara moja kwa siku.
2. Kikikusumbua, meza siku moja na kuruka moja. Anayechanganyikiwa ashike Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.
3. Ukisahau, endelea siku inayofuata. Usimeze viwili kufidia.

Wateja wengi hawaniamini nikiwaambia wapunguze. Wanadhani nawanyima dawa. Lakini vidonge vitatu kwa wiki vinavyomezwa kwa miezi vinapandisha HB. Vidonge vitatu kwa siku vinavyotupwa kwenye droo Alhamisi havipandishi chochote. Kama daktari amekuandikia mara tatu, rudi umuulize kabla ya kubadilisha, hasa ukiwa unajiandaa kwa upasuaji.

Hatua ya 5: Panga saa, mbali na chai

Hapa Nairobi chai ndiyo adui mkubwa wa vidonge vya damu, nasema hivyo nikiipenda chai. Majani ya chai yana tanini zinazoshika chuma, na maziwa yana kalsiamu inayokizuia. Kikombe kimoja cha chai ya maziwa kina vyote viwili. Kahawa na kakao haziko nyuma. Nawajua watu waliomeza vidonge kwa uaminifu kila asubuhi, wakavisukuma na chai hiyo hiyo ya mandazi.

Kanuni: usinywe chai, kahawa wala maziwa kwa saa moja kabla ya kidonge na saa mbili baada yake.

Ratiba zinazofanya kazi:

- *Unaamka saa kumi na moja kuwahi matatu.* Meza na glasi nzima ya maji ukiamka, tumbo tupu. Chai iwe ya saa nne kazini. Hii ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu asubuhi utumbo hupokea chuma vizuri.
- *Lazima unywe chai kabla ya kutoka.* Meza katikati ya asubuhi au alasiri, chai ikiwa imepita zaidi ya saa moja na ya pili haijakaribia.
- *Mchana hauna nafasi.* Meza usiku, muda wa saa mbili au zaidi baada ya chakula. Usilale papo hapo. Kaa wima nusu saa. Kidonge cha chuma kikikwama kooni huunguza.

Chungwa au maji ya ndimu pamoja na kidonge hayana ubaya, na vitamini C husaidia hasa chuma cha mboga. Ila usikose kumeza dawa kwa sababu machungwa yameisha.

Hatua ya 6: Tenganisha na dawa nyingine

- Omeprazoli na dawa zingine za asidi hupunguza chuma kinachoingia. Kama unazimeza kwa mazoea tu, bila kuandikiwa, muulize daktari kama bado unazihitaji. Ile dawa nyeupe ya maji ya vidonda vya tumbo iache muda wa saa mbili au zaidi.
- Dawa ya tezi, levothairoksini, itenganishe kwa saa nne.
- Siprofloksasini na doksisaiklini hushikwa na chuma zikakosa nguvu. Kwa siku chache za antibayotiki, mfamasia anaweza kukuambia usimamishe chuma hadi umalize.
- ARV zenye dolutegraviri: zimeze saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake, au zote pamoja ukiwa unakula. Usizimeze pamoja tumbo likiwa tupu. Kuficha hili dirishani kunaweza kuharibu matibabu yako, na sisi hatuna neno la kukuhukumu.

Hatua ya 7: Chakula

Chakula husaidia kulinda akiba, lakini upungufu ukishafika, sahani peke yake huchelewa mno. Maini, matumbo, nyama nyekundu, omena na mutura vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Ndengu, maharagwe, terere na managu vinacho pia, kifyonzwe zaidi ukila na nyanya au limau. Juisi ya bitiruti ina rangi ya damu, lakini gramu 100 za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya chuma. Inywe ukiipenda, isichukue nafasi ya dawa. Unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, unatakiwa na sheria kuongezwa chuma tangu 2012. Ule wa kusagisha posho hauna.

Hatua ya 8: Pima tena, na usiache mapema

Pima HB baada ya wiki nne. Tarajia iwe imepanda gramu 2 hivi. Ukitaka kujua mapema, wiki mbili zinapaswa kuonyesha karibu gramu moja.

Watu husikia nguvu zimerudi na kuacha. Wakati huo damu ndiyo imepata chuma, akiba bado tupu. HB ikishafika kawaida, endelea miezi mitatu zaidi. Andika tarehe ya kumaliza kwenye kalenda siku hiyo hiyo unayopewa karatasi nzuri. Baada ya hapo acha. Chuma si cha kumezwa maisha yote bila kipimo.

Wajawazito na watoto

Mama mjamzito, kile kidonge cha kliniki chenye chuma miligramu 60 na foliki asidi mikrogramu 400 humezwa kila siku. Hatua ya kuruka siku usijiamulie mwenyewe. Kikikutapisha, kimeze usiku au baada ya kula kidogo, na umwambie muuguzi. Usikae kimya ukivirundika kabatini. Ukiambiwa HB imeshuka, dozi huongezwa, na hiyo ni kazi ya kliniki. Maini nayo yasiwe chakula cha kila siku, hasa miezi ya kwanza, kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Mtoto hutibiwa kwa uzito wake, kwa sirapu na bomba la kupimia. Usimvunjie kidonge chako. Sirapu hutia meno weusi: mnyunyizie nyuma ya ulimi, kisha mswaki.

Na hili nalisema kwa uzito wote: vidonge 10 vya miligramu 60 vinaweza kumuua mtoto wa kilo 10. Vingi vimepakwa sukari nyekundu na vinafanana na peremende. Mtoto akivimeza, mkimbize hospitali mara moja na pakiti mkononi, hata akionekana mzima. Huweza kutulia kwa saa kadhaa kabla hajazidiwa.

Mambo yakienda kombo

*Kichefuchefu.* Fuata mpangilio huu, badiliko moja kwa wiki: kwanza ruka siku. Halafu meza baada ya ndizi au kiazi kitamu, ukijua chuma kitapungua kidogo. Halafu hamia glukoneti au bisglisineti. Usibadilishe vyote siku moja, hutajua kilichokusaidia.

*Choo kigumu.* Maji, paipai, mboga, kutembea. Kisipolainika, sirapu ya laktulosi inasaidia.

*Choo cheusi.* Ni chuma kilichobaki, na ni kawaida. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali, au una kizunguzungu kipya, huenda ni damu. Hospitali.

*Kiungulia.* Maji zaidi wakati wa kumeza, na usilale haraka.

*HB imekataa kupanda baada ya wiki nne.* Jiulize kwa utaratibu: nimemeza kweli siku zote? Chai iko mbali? Nameza omeprazoli kila siku? Hedhi bado nzito? Kama majibu ni safi, daktari akupime H. pylori, bakteria wa tumboni ambao huzuia chuma kufyonzwa, na aangalie kama ugonjwa ulikuwa wa chuma tangu mwanzo. Usiongeze vidonge kwa kubahatisha.

*Nimejaribu aina zote na tumbo linakataa.* Kuna chuma cha kuingizwa kwa mshipa, hufanyiwa hospitalini chini ya uangalizi kwa sababu watu wachache hupata mzio. Ni ghali kuliko vidonge, lakini kwa mtu ambaye utumbo wake haukubali, au anayepoteza damu haraka kuliko anavyoweza kuifidia, ndiyo njia sahihi. Ukienda kuiomba, beba karatasi zote za HB, pakiti za vidonge ulivyojaribu na kalenda yenye alama za siku ulizomeza. Daktari ataamua haraka zaidi.